Nimeuza viroba miaka sita: jibu langu kwa anayesema "kichwa ni changu"

Wakuu, nimeanza kuusoma uzi huu asubuhi nikiwa dukani, nikajizuia, ila nimeshindwa. Mtoa mada kapigwa faini ya elfu kumi kwa kuendesha pikipiki bila helmeti, naye anauliza: kichwa ni changu, nikianguka naumia mimi, serikali inaingiaje hapo? Kisha kaunganisha na marufuku ya rambo, yaani mifuko ya plastiki, na ya viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki, akamalizia kwamba nchi imegeuzwa bweni la sekondari. Hilo la bweni limenichekesha kweli. Waliomjibu wengi wamemtukana tu. Mimi nina hoja naye, lakini niliyo nayo zaidi ni hadithi, maana kwenye hili nilikuwa upande wa kaunta.

Duka langu lipo Uyole, Mbeya, hatua chache kutoka pale barabara ya Tukuyu inapochomoka kwenye barabara kuu iendayo Tunduma. Mbele yangu kuna kijiwe cha bodaboda. Baridi ya kwetu mwezi wa sita na wa saba anayeijua anaijua. Saa kumi na moja alfajiri, kijana anayewahi abiria wanaoshuka kwenye mabasi, vidole vinagoma kushika klachi. Hapo ndipo kiroba kilipokuwa na kazi yake. Anakuja, hata shikamoo hana, anaweka mia tano juu ya kaunta, nampa. Anang'ata kona ya pakiti, anaikamua mdomoni yote kwa mara moja, anatema kile kipande cha plastiki, anarudi kwenye pikipiki. Haizidi nusu dakika. Ikifika saa mbili mtaro wa mbele ya duka unameta kwa pakiti tupu, na mvua ikinyesha maji yanapanda mpaka mlangoni kwangu kwa sababu zimeziba.

Sasa huyo kijana ndiye mtu huru anayesemwa na mtoa mada. Nilikuwa namwona kila siku, na uhuru wake sikuuona. Pikipiki ni ya mkataba, jioni bosi anataka hesabu yake, iwe mvua iwe jua. Asipotoka alfajiri, hesabu haifiki. Akitoka alfajiri, baridi. Kiroba ni mia tano, chai na chapati mbili ni zaidi ya hapo na zinataka ukae chini. Mimi nilikuwa naijua hesabu hiyo kuliko yeye, ndiyo maana viroba nilivipanga kaunta kabisa, sio rafu ya nyuma.

Na wanafunzi, nisiwafiche. Chupa haiingii kwenye soksi, kiroba kinaingia. Aliyevaa sare nilimfukuza. Lakini Jumamosi hakuna sare, na mimi sikuwa naulizia umri.

Mwaka 2015, wakati wa masika, dogo mmoja wa kijiweni alichukua viwili kwangu badala ya kimoja. Akapata mzigo mzuri: mama mmoja anatoka kuchukua nyanya, na binti yake. Akawapakia mshikaki, ndoo ya nyanya katikati. Helmeti alikuwa nayo, kaivaa kwenye kiwiko kama bangili, ya kumwonyesha trafiki kwa mbali. Kwenye ile kona ya kuelekea bondeni akakuta tope lililoachwa na malori, akafunga breki ya mbele. Yeye kichwa kilipiga lami. Binti alichubuka tu. Mama alivunjika paja.

Mtoa mada anasema "naumia mimi". Ngoja nikusimulie yaliyofuata, maana nilikuwepo. Kwanza kukimbizana na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni ili wapokelewe hospitali bila maneno. Kisha mumewe yule mama akauza viazi vikiwa bado shambani, kwa bei ya mtu mwenye shida, ili mguu ufungwe chuma. Kijiwe kikachanga kwa ajili ya dogo, kila mtu elfu tano. Bosi naye akaja, lakini alikuja kuuliza pikipiki yake, na baba yake dogo ndiye aliyekuwa akilipa mkataba wa chombo kilichokuwa kimelala polisi. Mimi nilitoa elfu ishirini. Niliitoa kwenye droo ileile ya viroba, nikajiona mwema.

Kwa hiyo hapa, mkuu, siwezi kusimama nawe. Kichwa ni chako kikiwa kizima. Kikipasuka kinakuwa cha mama yako, cha kijiwe na cha manesi wa zamu ya usiku.

Lakini wale wanaosema sheria ikishatungwa basi tufunge midomo, nao nina ugomvi nao. Februari 2017 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kwamba kuanzia 1 Machi viroba marufuku. Yaani wiki mbili. Stoo nilikuwa na katoni tisa, nilizonunua kihalali, kutoka kwa msambazaji aliyesajiliwa, wa bidhaa iliyokuwa inalipiwa kodi. Msambazaji akagoma kurudisha. Siku ya tatu ya Machi akaja jamaa mmoja akajitambulisha kuwa ni wa ukaguzi, akazitazama zile katoni, akasema tunaweza "kuongea". Tuliongea. Sheria ya kulinda afya yangu ikawa imemlisha yeye mchana.

Na utazame ilivyotumika. Msingi wake ulikuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Yaani kilichopigwa marufuku ni kifungashio cha plastiki, pombe yenyewe haikuguswa. Pombe ileile ikiwa ndani ya chupa iliendelea kukaa rafu ya juu, halali kabisa. Mwenye hela ya kununua chupa nzima hakusikia chochote mwezi ule. Mwenye mia tano ndiye aliyeamriwa aache. Naelewa sababu: kipimo kidogo, bei ndogo na kufichika kirahisi ndivyo vilivyokuwa vinawamaliza vijana, na hilo mimi ni shahidi. Ila usiniambie sheria hiyo haikuchagua mtu.

Linganisha na rambo. Sheria mama ilikuwa ileile, Waziri Mkuu alikuwa yuleyule. Tukatangaziwa Aprili 2019, marufuku ikaanza 1 Juni. Ule muda ulinitosha: nilimaliza mzigo, nikaanza kuleta mifuko mbadala, wateja wakazoea kuja na vikapu. Sikupoteza hata shilingi, na siku ya 1 Juni sikumchukia mtu. Mtaro wangu sasa unapitisha maji. Wanaopigia kelele "uhuru" huwa wanasahau kwamba hata kupewa taarifa mapema ni sehemu ya huo uhuru.

Babu yangu alikuwa akitusimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Watu walikuwa wanakusanyika kwenye vikundi, wanasikiliza redio, halafu wanajadiliana wachimbe choo wapi, maji yachemshwe vipi. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Babu alichimba cha kwake kwa sababu ya ubishi wa kwenye kikundi, hakutaka kushindwa na shemeji yake. Jirani yake alichimba kwa kumwogopa bwana afya, ukaguzi ulipopita akafugia kuku mle ndani. Babu alikuwa anacheka mpaka machozi kila akifika hapo, na mimi nimemkumbuka huyo jirani kila ninapomwona bodaboda kavaa kofia ya mafundi ujenzi eti ndiyo helmeti. Trafiki anatazama kama kuna kitu kichwani. Hatazami kama hicho kitu kitazuia nini.

Helmeti ya abiria ndiyo kesi ngumu, na hapa mtoa mada angenibana kidogo. Umewahi kuivaa? Jasho la watu arobaini kwa siku, sponji imelowa, kamba haifungi. Mwenye rasta au aliyetoka kusuka jana haivai, na mwenye kipilipili anaogopa mapunye. Hapa kijiweni zamani abiria alikuwa anatanguliza rambo kichwani, ndipo helmeti juu yake, na rambo nayo ikaja kupigwa marufuku! Kijana mmoja tu hapa kwetu ndiye aliyeshona vitambaa vya pamba, anavifua kila jioni, na wanawake wanamsubiri yeye hata kama wengine wapo. Hakuna sheria iliyomtuma. Lakini bila sheria ya helmeti asingekuwa na sababu ya kushona.

Ninapoona kweli serikali imezidi ni pale inapomfuata mtu mpaka mahali ambapo hakuna mwingine wa kuumia. Mzee anakunywa ulanzi wake kwenye mkeka wake nyumbani, halafu anatembea kwenda kulala hatua kumi. Huyo mwacheni. Lakini barabara ya Tunduma sio mkeka wa mtu.

Kuhusu faini yako ya elfu kumi: zamani ilikuwa elfu thelathini kwa kosa, bajeti ya 2021/22 ndiyo iliyoishusha kwa bodaboda na bajaji. Kama ulipewa namba ya malipo, lipa. Kama ilipita mkono kwa mkono, hukupigwa faini, uliibiwa, na hilo lianzishie uzi wake, nitachangia.

Mmoja kaniuliza huko juu kama watu waliacha kunywa. Wapo walioacha, hasa wale wa alfajiri, kwa sababu kichupa ni ghali na kinaonekana. Wengine wanachangishana watu watatu, wanakunywa jioni baada ya kupeleka hesabu. Chai sasa naiuza mimi mwenyewe, chupa mbili kubwa za moto, naanza saa kumi na nusu. Faida yake haifiki hata nusu ya ile ya viroba.

Dogo alipona, ingawa jicho la kushoto linamsumbua, na pikipiki hapandi tena, anapakia viazi kwenye malori. Yule mama bado anapita mbele ya duka kila wiki na ndoo yake, mguu mmoja anaukokota. Sukari ananunua duka la ng'ambo.