Taa zimezimika, joto bado linapanda: kwa wewe unayeanza somo la udhibiti

Saa nane usiku taa zote nne ndani ya mashine ya kutotolesha zilikuwa zimezimika, lakini kipimajoto kiliendelea kupanda: 38.2, 38.7, 39.1. Nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, nimeenda likizo kwa mama mdogo Morogoro, na ndani ya lile sanduku la mbao kulikuwa na mayai 90 ya kuku wa kienyeji aliyoyakusanya kwa majirani. Nilitaka joto litulie kwenye 37.5. Programu yangu ilikuwa fupi: joto likishuka chini ya hapo washa taa, likizidi zima. Niliisoma mara kumi nisione kosa. Joto lilifika 39.5, likarudi hadi 36.4, likapanda tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Siku ya 21 walitoka vifaranga 17.

Mtihani wa mifumo ya udhibiti nilikuwa nimeshaufaulu. Niliweza kuchora visanduku na mishale yake, niliweza kutafuta mizizi ya mlinganyo na kusema mfumo huu ni thabiti, huu si thabiti. Ila sikuweza kulitambua tatizo lililokuwa mbele ya macho yangu, ingawa lilikuwa na sura yake nzima kwenye kitabu nilichobeba begini.

Mama mdogo ndiye aliyelitambua. Aliingiza mkono katikati ya mayai taa zikiwa zinawaka, akautoa haraka. "Mwanangu, huku kumeshachemka zamani. Hicho kidude chako ndiyo kwanza kinaamka."

Kidude ni kihisi cha joto. Nilikuwa nimekivalisha bomba la plastiki ili kisilowe, nikakipachika pembeni juu, mbali na feni. Kilikuwa kinapima ukweli, lakini ukweli wa dakika mbili zilizopita.

Wazo la msingi la somo hili utalielewa siku ya kwanza. Unapima hali ilivyo, unailinganisha na unavyotaka iwe, unasahihisha ile tofauti, kisha unapima tena. Huo ndio mrejesho, na kwa kuwa sahihisho linakwenda kinyume cha kosa, tunauita mrejesho hasi. Boya ndani ya tangi la maji hufanya kazi hiyo bila waya hata mmoja. Wengi huridhika hapo, na ugumu wote uko mbele yake: habari huchelewa kufika, na kitendo huchelewa kuonekana. Anayepika wali kwa mkaa analijua hili vizuri. Hangoji maji yakauke kabisa ndipo apunguze moto. Huutoa mkaa chini mapema na kuupandisha juu ya mfuniko, kwa sababu jiko halipoi pale pale anapotaka lipoe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoutilia mkazo kuliko mingine yote: kabla hujaandika programu ya kudhibiti kitu chochote, kitazame kitu chenyewe kikiwa huru. Chukua saa na daftari. Mimi nilifanya hivyo baada ya kupoteza mayai. Sanduku likiwa tupu, na joto la ndani nyuzi 27, niliwasha taa mbili tu, nikaziacha zikiwaka, nikaandika joto kila dakika. Dakika mbili za mwanzo namba haikusogea. Kisha ikapanda kwa kasi, ikapunguza mwendo, mwishowe ikatulia kwenye 43. Yaani limepanda nyuzi 16. Muda wa mwitikio hupimwa mpaka joto likamilishe asilimia 63 ya safari yake yote. Asilimia 63 ya 16 ni kama 10, kwa hiyo nikatafuta ni lini lilipita 37: dakika ya 22. Ondoa zile mbili za ukimya, unabaki na 20.

Namba hizo tatu, yaani dakika 2 za kuchelewa, dakika 20 za mwitikio na nyuzi 16 kwa taa mbili, zilinieleza usiku ule wote. Taa nne zingelipeleka joto mpaka 59. Likiwa 37.5 bado linadai nyuzi 21.5, na ukigawa kwa 20 unapata kasi ya nyuzi moja na kidogo kwa dakika. Kihisi kikichelewa dakika mbili, joto litapita lengo kwa nyuzi mbili kabla taa hazijazimwa. Ndiyo ile 39.5. Wakati wa kushuka, 37.5 toa 27 gawa kwa 20 ni nusu nyuzi kwa dakika. Dakika mbili ni nyuzi moja. Ndiyo ile 36.4. Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Hesabu ya darasa la saba ilikuwa imetabiri kilichoua mayai.

Nikavua bomba la plastiki, nikakishusha kihisi kwenye usawa wa mayai, mbele ya upepo wa feni. Ucheleweshaji ukawa kama sekunde 20. Programu sikuigusa hata herufi moja, na joto likawa linacheza kati ya 37.3 na 37.9.

Nasisitiza hili kwa sababu naona wanafunzi wengi wakikimbilia PID, kanuni ya udhibiti yenye sehemu tatu (proportional, integral, derivative), kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. PID ni nzuri na utaitumia maishani. Herufi ya kwanza husahihisha kulingana na ukubwa wa kosa la sasa. Ya pili hukusanya makosa yaliyopita, ndiyo huondoa ile tofauti ndogo inayogoma kuisha. Ya tatu hutazama kosa linaelekea wapi na kwa kasi gani. Mwaka 1922 mhandisi Nicolas Minorsky aliandika uchambuzi wa kanuni hii akishughulikia uongozaji wa meli, akiwa ametazama jinsi mshika usukani mzoefu anavyofanya. Naye alianza kwa kutazama.

Nilipoiweka PID kwenye mashine yetu nilikutana na jambo ambalo darasani lilipita kwa sentensi moja. Mama mdogo alifungua mlango kugeuza mayai, joto likashuka, taa zikawaka kwa nguvu zote. Herufi ya pili ikaendelea kulimbikiza kosa kama mtu anayeandika deni dukani, ingawa taa hazikuwa na nguvu zaidi za kutoa. Mlango ulipofungwa na joto kufika 37.5, lile deni lilibaki, taa zikaendelea kuwaka mpaka lilipwe, joto likapita 39. Dawa yake ni mistari miwili ya programu: taa zikifika mwisho wa uwezo wake, acha kulimbikiza. Ukijifunza PID, jifunze na hili siku hiyo hiyo.

Hisabati usiikimbie. James Watt aliweka gavana yake ya mipira inayozunguka, yaani kifaa cha kudhibiti mwendo, kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na mafundi wakahangaika na injini zinazoyumba kwa miaka mingi. Mwaka 1868 ndipo mwanafizikia James Clerk Maxwell alipoonyesha kwamba uthabiti unategemea mizizi ya mlinganyo wa mfumo. Sehemu halisi ya mzizi ikiwa hasi, mtikisiko hufa. Ikiwa chanya, hukua. Sehemu ya kufikirika ndiyo inayoleta bembea. Kama namba changamano, hizi zenye sehemu mbili, hazijakukaa kichwani, rudi kwazo sasa, kabla ya wiki ya tatu ya muhula. Na kuna mambo ambayo macho pekee hayatakupa. Kwenye bwawa la umeme, ukifungua zaidi lango la maji, nguvu ya mtambo hupungua kwanza kwa muda mfupi kabla ya kupanda, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya bomba refu lazima yaongezwe mwendo na shinikizo hushuka. Anayelinda hezi 50 za gridi asipolijua hilo, gavana yake itavuruga badala ya kutuliza.

Kwa mazoezi, programu za hesabu za GNU Octave na Scilab ni za bure na zinatosha kabisa. Kwa mikono, anza na volti 12. Nilitumia 230 mapema mno, na sitaki ufanye hivyo bila fundi kando yako.

Mashine bado iko Morogoro. Joto linajiendesha lenyewe, lakini unyevu mama mdogo anaushika kwa bakuli la maji, akiongeza siku tatu za mwisho. Nilijaribu kuongeza kihisi cha unyevu na pampu ndogo, nikakuta kila maji yanapoingia joto linashuka, taa zinawaka, hewa inakauka, pampu inarudi kazini. Mizunguko miwili inavutana ndani ya sanduku moja. Daftari la vipimo hivyo liko wazi mezani kwangu, kurasa sita mpaka sasa.