Soya kwa mwenye kisukari: niliyojifunza nikimuuguza mama

Mama alianza kwa kulalamika usiku, miguu inamuwaka moto mpaka anaitoa nje ya shuka, na mchana hiyo hiyo miguu ina ganzi. Kisukari anaishi nacho miaka mingi kwa hiyo tukaona ni uzee tu. Kliniki daktari akamwambia afumbe macho, akachukua kauzi kagumu ka plastiki akawa anamgusa nako chini ya vidole, mama anasema "bado hujanigusa" na mimi nimesimama pale naona ameshaguswa mara tatu. Sitasahau. Mkojo nao ukaonyesha protini, yaani figo zimeanza kuvujisha.

Wiki ileile jirani akamletea kopo la kapsuli za soya, eti zinarudisha hisia za miguu na kusafisha figo, na mama akaniuliza kama sasa anaweza kupunguza vile vidonge vya presha maana ni vingi. Hapo ndo nikakaa chini nikaanza kusoma.

Kilichomo kwenye soya kinachoongelewa sana ni isoflavoni, viambata vya asili vya mmea wenyewe, hasa jenisteini na daidzeini. Zinafanana kiasi na estrojeni, homoni ya kike, ndo maana mwili unazipokea na kuziitikia. Panya wa maabara wenye kisukari wakipewa jenisteini, tafiti nyingi zimeona uvimbe wa ndani kwa ndani unapungua kwenye figo na kwenye retina ya jicho, na hata maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Ukisoma hapo tu unaweza kukimbilia dukani. Lakini panya anapewa kitu kilichochujwa kwa dozi ya kupimwa, na kwa binadamu tafiti ni ndogo, nyingi za muda mfupi, na majibu hayafanani. Sababu moja iko tumboni kabisa, daidzeini inageuzwa na bakteria wa utumbo kuwa ekuoli ambayo ina nguvu zaidi, na bakteria hao wanaoweza hiyo kazi hawapo kwa kila mtu, ni kama theluthi moja mpaka nusu hivi ya watu. Kwa hiyo mnaweza kumeza kapsuli ileile wewe na mwenzio na kila mmoja akapata kitu tofauti.

Mimi msimamo wangu ni huu: soya ikae kwenye sahani ikichukua nafasi ya kitu kingine, isikae kwenye kopo ikichukua nafasi ya dawa. Figo iliyoanza kuchoka inalemewa zaidi na protini nyingi ya nyama, na kuna majaribio madogo kwa wagonjwa wa kisukari ambapo waliobadilisha sehemu ya nyama wakaweka soya, protini kwenye mkojo ilipungua. Gramu 100 za soya iliyochemshwa zina protini kama gramu 17 na nyuzinyuzi kama 6, wanga ni kidogo, kwa hiyo sukari haipandi ghafla baada ya kula. Nyumbani tulibadilisha nyama nyekundu siku nne kwa wiki tukaweka tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini) au soya yenyewe. Soya iloweke usiku kucha na uipike mpaka iive kweli, mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe.

Sasa tahadhari, na hizi naomba mzisome taratibu. Maziwa ya soya mengi yana sukari, geuza boksi usome, tafuta yasiyoongezwa sukari. Mchuzi wa soya usiuhesabu kabisa kama soya, kijiko kimoja cha chakula kina sodiamu kama miligramu 900 na presha ndo adui mkubwa wa figo. Kama figo zimeshafika mbali muulize daktari kwanza kwa sababu soya ina potasiamu na fosforasi nyingi. Anayemeza dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, asiile pamoja na soya, inazuia dawa isifyonzwe vizuri.

Na vidonge vya presha mama hakupunguza hata kimoja, tuligombana kidogo lakini nilikataa, maana baadhi ya dawa hizo ndizo zinazolinda figo moja kwa moja. Baada ya miezi kadhaa protini kwenye mkojo imeshuka. Ni soya? Siwezi kuwaambia hivyo, hapo katikati daktari alimbadilishia dozi ya dawa na sukari yake ya wastani wa miezi 3 nayo ilishuka, vyote vimeenda pamoja.

Miguu bado ina ganzi. Kila usiku namwekea kioo sakafuni ananyanyua unyayo tunaangalia wote wawili kama kuna mchubuko, juzi tulikuta kijiwe kimemkata karibu na kisigino na yeye alikuwa ametembea nacho kiatuni kutwa nzima.