Wasomaji Wanauliza: Ukoo ndani ya vitabu vya parokia

SWALI: Salaam wahariri. Naishi Linz, Austria, nimeolewa na mwenyeji wa huku. Binti yetu anataka kujua ukoo wa baba yake. Wakwe wanakumbuka hadi kwa mzee mmoja aliyezaliwa kama 1890, basi. Nimeingia Matricula, tovuti yenye picha za vitabu vya parokia, nikakuta vitabu tele, maandishi kama kuku kaparua. Nianzie wapi?
Mama wa Linz

JIBU: Dada, una bahati. Vitabu vya jimbo Katoliki la Linz vinasomeka Matricula bure, bila kujisajili. Tena Austria parokia ndiyo ilikuwa ofisi ya vizazi na vifo: serikali ilianza kuandikisha ndoa Agosti 1938, vizazi na vifo Januari 1939. Kama mzee huyo alikuwa Mkatoliki, yumo humo.

Usimrukie lakini. Anza kwa mkwe wako, upande ngazi moja moja, kila ngazi na cheti chake. Vizazi hufunguliwa baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 30. Vya karibu zaidi mume wako aviombe Standesamt (ofisi ya serikali ya vizazi, ndoa na vifo) au parokiani, aonyeshe undugu wake.

Kwenye tovuti chagua nchi, jimbo, parokia, halafu kitabu: Taufbuch ni ubatizo, Trauungsbuch ndoa, Sterbebuch vifo. Tazama kwanza faharasa, mara nyingi iko mwisho wa kitabu au katika kitabu chake. Inakupa namba ya ukurasa, na hapo wengi hupotea, kwa sababu picha moja ina kurasa mbili na jalada nalo limehesabiwa. Ukurasa wa 84 utafute karibu na picha ya 45. Kama ni karatasi zilizopewa namba, si kurasa, basi karibu na ya 87.

Ukishampata mtoto, tafuta ndoa ya wazazi wake kabla ya kitu kingine. Ndoa ndiyo ufunguo: kwa kawaida inataja wazazi wa pande zote mbili, umri na nyumba. Rudi nyuma kuanzia kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza, na anzia parokia ya bibi harusi, maana ndiko ndoa nyingi zilikofungwa.

Tangu 1784 vitabu vina safu zilizopangwa, ikiwemo namba ya nyumba. Iandike kila mara. Parokia moja inaweza kuwa na akina Mayr na Huber wengi, wote wakiitwa Johann. Jina la baba, ukoo wa mama kabla ya kuolewa na namba ya nyumba vikubaliane vyote vitatu, viwili havitoshi.

Mwandiko huo ulioona kama kuku kaparua unaitwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa zamani wa Kijerumani. Herufi e hufanana na n, na u huwekewa kijistari kilichopinda juu ili isichanganywe na n. Chapisha alfabeti yake, kisha jizoeze kwa majina unayoyajua tayari. "7ber" ni Septemba, si Julai. "8ber" ni Oktoba. "Mayrin" ni mwanamke wa ukoo wa Mayr. Mtoto asipoonekana kwa ukoo wa baba, jaribu wa mama: waliozaliwa nje ya ndoa waliandikwa hivyo, na wazazi wakioana baadaye paroko aliongeza maelezo pembeni. Hilo lilikuwa la kawaida sana vijijini, wakwe wasione haya.

SWALI: Bibi yangu alibatizwa misheni Tanzania zamani. Kitabu chake nacho kiko mtandaoni?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikitegemee mtandaoni, nenda parokiani. Vigango, yaani makanisa madogo chini ya parokia, havitunzi vitabu, na parokia iliyozaliwa juzi haina majina ya zamani: uliza parokia mama iliyohudumia kijiji wakati ule. Kama kadi ya ubatizo ipo, namba ya LB (Liber Baptizatorum, kitabu cha ubatizo) iliyoandikwa juu yake ndiyo namba yake kitabuni, na katibu atafungua ukurasa huo moja kwa moja. Bila kadi, peleka jina la ubatizo, majina ya wazazi na makadirio ya mwaka. Omba nakala yenye maandishi ya pembeni, maana kipaimara na ndoa huongezwa kwenye kitabu cha ubatizo hata kama vilifanyika parokia nyingine. Ndoa ikionekana hapo, jina la parokia hiyo ndilo la kuendea.