Jibu la msomaji: Kinachopiga kelele ndicho kinachoogopwa

Swali lenu la wiki lilisema: "Kwa mwenye ugonjwa ambao tiba yake ni kuacha chakula fulani, jambo gani ni gumu kuliko yote, na ungependa wenzako wakusaidieje?"

Nimesoma majibu ya waliotangulia. Wengi wametaja hamu. Mimi hamu siitaji kabisa, maana ya mkate huisha, tena mapema kuliko mtu anavyodhani. Kigumu ni kuishi na ugonjwa usiopiga kelele katikati ya watu wanaoamini kelele tu.

Nina seliaki. Kwa asiyeifahamu: gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka jamii ya ngano. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo sana ndani yake, ndivyo vinavyofyonza chakula. Hivyo ndivyo vinavyoharibika mpaka utumbo unabaki kama zulia lililosuguliwa likaisha manyoya. Unakula unashiba, lakini mwili hauambulii kitu. Inakadiriwa mtu mmoja katika kila 100 duniani anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Watajuaje? Mimi sikuharisha, sikukonda, tumbo halikuniuma kiasi cha kumkimbiza mtu hospitali. Damu tu ndiyo ilikuwa haitoshi. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma nikavimeza, damu ikapanda kidogo, ikashuka tena. Vidonda vya mdomoni vilikuja vikiondoka. Daktari mmoja alinishauri nipunguze mawazo. Aliyeshtuka ni mwingine, aliyekuwa akinitibu tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambayo nayo kinga yangu ilikwisha kuivamia zamani. Aliona dozi inapandishwa na vipimo havisogei. Akauliza kama nimewahi kupimwa seliaki, kwa sababu magonjwa haya ya kinga kujigeuka hupenda kufuatana: thairoidi, seliaki, kisukari cha aina ya kwanza. Kumbe hata dawa ilikuwa inapita tu bila kufyonzwa vizuri.

Sasa nije kwenye hizo kelele. Tunaishi nyumba moja na mdogo wangu na mwanawe, ambaye huniita mama mkubwa. Huyo mtoto ana aleji ya karanga. Ni ugonjwa wa kinga pia, ila njia yake ni nyingine kabisa: kingamwili zake huitambua karanga kuwa adui na mwili unalipuka ndani ya dakika chache. Nimewahi kumwona ikimshika. Alianza kujikuna shingo, midomo ikafura, kisha akakohoa kikohozi kikavu na sauti ikakwaruza. Mama yake hakubishana na mtu. Alimlaza, akamchoma sindano ya adrenalini pajani upande wa nje, juu ya suruali hiyo hiyo, ndipo akaita gari. Pale hospitali walikaa naye saa kadhaa ingawa alikwisha kuchangamka, maana hali hiyo huweza kurudi hata baada ya kutulia.

(Kwa faida ya wenye watoto kama huyu: vidonge vya kuzuia mwasho havizuii mtu kukosa pumzi. Ni adrenalini kwanza. Na mgonjwa asisimamishwe wala kutembezwa ghafla, abaki amelala na miguu imeinuliwa. Akipata shida ya kupumua aketi.)

Tangu siku ile hakuna mtu anayemwambia yule mtoto "onja kidogo". Mgeni akifika anauliza mlangoni kama vitu alivyobeba vina karanga. Wifi yangu huosha mikono hadi kwenye viwiko kabla hajamgusa. Lakini wifi huyo huyo, tukishaketi mezani, hunigeukia mimi: "Wifi, na wewe leo ni sikukuu. Kipande hicho kidogo kitakufanya nini?"

Simlaumu. Hajaniona nikifura. Nikila hicho kipande mbele yake nitamaliza, nitapangusa mdomo, nitaendelea na mazungumzo. Wapo wenye seliaki wanaotapika saa chache baadaye au kulala siku mbili kwa maumivu, na nakiri kwamba mara nyingine nimewaonea wivu, kwa sababu wao wana ushahidi. Mimi utumbo wangu huumia kimya kimya. Na sidai kwamba ugonjwa wangu ni sawa na wa mtoto. Chembe ikiniingia leo sitakufa leo, yeye anaweza. Lakini kanuni ya kula ni ile ile kwetu sote wawili, na hapo ndipo watu wanaponiona nina madaha.

Basi nimhesabie wifi yangu hicho "kidogo". Kipande kimoja cha mkate kina gluteni gramu mbili hivi, wakati mwingine zaidi. Watafiti waliwahi kuwapa watu wenye seliaki miligramu 50 tu kwa siku kwa miezi mitatu, na vipimo vya utumbo vikaonyesha madhara. Kwa hiyo kata kipande cha mkate vipande 40. Kimoja kati ya hivyo, kila siku, kinatosha kuharibu. Kimoja cha hivyo ni makombo yanayobaki kwenye kisu. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha vyakula, kiitwacho Codex, kinakitambua chakula kuwa hakina gluteni pale tu inapokuwa haizidi miligramu 20 kwa kila kilo.

Kisu nimekitaja kwa makusudi. Watu hudhani adui yangu ni mkate wenyewe, kumbe mkate naujua, nauona, naupita. Anayenihangaisha ni mtu aliyepaka siagi kwenye mkate wake, akarudisha kisu kwenye kopo, akachota tena. Ukiinamisha hilo kopo kwenye mwanga utaona vipunje vya kahawia vimenasa kwenye siagi. Hapo siagi imeshakuwa ya kwao. Nyumbani kwetu sasa yapo makopo mawili, langu limefungwa utepe mwekundu, na mwiko wangu ni mpya wa chuma, kwa sababu wa mbao hushika unga kwenye nyufa. Mafuta yaliyokaangia kitu chenye ngano siyatumii. Moto hauui gluteni, kama ambavyo hauui kile kinachomdhuru mtoto kwenye karanga. Hivi si vijidudu. Vinaondoka kwa maji, sabuni na kusugua. Ile dawa ya kupaka mikononi kuua vijidudu haiondoi kitu hapa.

Nataka kuwaeleza pia habari ya daktari Mholanzi, Willem-Karel Dicke, kwa sababu huwa inanisaidia ninapobishana. Alikuwa daktari wa watoto, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikwisha kuhisi kwamba ngano ndiyo inayowadhuru watoto wa aina hii. Kisha ukaja msimu wa baridi wa 1944 hadi 1945, njaa ikaipiga Uholanzi, mkate ukaadimika. Nchi nzima ina njaa, na watoto wake wenye seliaki hawakuzidiwa, walipata nafuu. Mkate uliporudi nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake akaonyesha kwamba kisa ni ngano na rai. Kabla yake, tangu miaka ya 1920, madaktari wengine walikuwa wakiwalisha watoto hao ndizi, nao wakapona kweli, halafu sifa zote zikaenda kwa ndizi! Hakuna aliyejiuliza watoto walikuwa wameacha kula nini.

Nyumbani kwetu wapo pia wasiohisi lolote. Nilipothibitishwa, daktari alitaka ndugu zangu wa damu nao wapimwe, kwa kuwa ugonjwa hutembea kwenye ukoo: mzazi, ndugu au mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa karibu mmoja kwa kumi. Kaka yangu alikwenda ili kuniridhisha tu. Anakimbia, anabeba mizigo, hajawahi kulalamika tumbo. Akakutwa nayo, tena utumbo wake umeharibika kuliko wangu. Yeye ndiye ninayemwonea huruma. Mimi niliacha ngano nikaona nguvu zinarudi, nikapata sababu ya kuendelea. Yeye aliacha na hakuona tofauti. Anaambiwa aishi hivyo maisha yake yote kwa ajili ya mifupa isije ikawa myepesi uzeeni, kwa ajili ya hatari ya saratani ya utumbo ambayo ni ndogo lakini ipo, kwa ajili ya karatasi ya vipimo. Kuna siku aliniambia, "Dada, wewe unatii mwili wako. Mimi natii karatasi." Sikuwa na la kumjibu. Kingamwili zake zimeshuka lakini bado hazijafika pazuri, na kwa mtu mzima utumbo huchukua hata miaka kupona.

Kwa hiyo, anayesoma hapa na kujishuku, tafadhali usiache ngano kwanza. Najua inavutia: mtu anasoma, anajaribu wiki chache, anajisikia vizuri, anajitangazia ugonjwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu ya gluteni. Ukiacha kuila zinapungua, na jibu linakuja safi wakati wewe si mzima. Ukitaka kupimwa tena utalazimika kurudia kuila kwa wiki kadhaa. Mwombe daktari apime pia kiwango chote cha IgA, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitegemea, kwani wapo watu ambao miili yao haitengenezi ya kutosha na kipimo cha kawaida hakiwaoni. Likionekana jambo, kwa kawaida mtu mzima hupitishiwa mpira wenye kamera tumboni na kukatwa vinyama vidogo vya utumbo vichunguzwe. Na wapo wanaoumwa wakila ngano ilhali hawana seliaki wala aleji. Hao nao hawaigizi, ila si lazima wawe wakali kama sisi, na ni vizuri mtu ajue yuko kundi gani kabla hajatupa vyombo vyake.

Sasa sehemu ya pili ya swali, tusaidiweje.

Msinipikie sufuria ya peke yangu kwa kushtukiza. Najua ni upendo. Lakini nikiletewa sahani na kuambiwa "hii ni yako, haina kitu", nalazimika kuanza kuhoji mbele ya watu, na aliyehangaika jikoni anajisikia anashukiwa wizi. Niiteni jikoni kabla, au nionyesheni pakiti. Pakiti haikasiriki ikiulizwa. Nitasoma mwenyewe, maana "haina ngano" si sawa na "haina gluteni": kimea hutokana na shayiri, na sosi nyingi za soya hutengenezwa kwa ngano. Oti safi wengi wetu tunaimudu, lakini iliyopita kwenye mashine moja na ngano hapana.

Kwa wapishi wa hotelini, nimejifunza kwamba swali "kuna gluteni?" hupata jibu "hakuna" kutoka kwa mtu ambaye neno lenyewe ndiyo kwanza analisikia. Siku hizi nauliza mambo ya mkononi. Mchuzi mmeufanya mzito kwa unga gani? Nyama imepakwa unga kabla ya kukaangwa? Mafuta haya yamekaanga nini asubuhi? Mhudumu akiniambia "ngoja nikaulize", nafurahi. Akijibu papo hapo bila kugeuka, naagiza soda.

Na sherehe zenu nitakuja. Nitakuja nimekula, au na kikopo changu kwenye mkoba, nami nitakifungua mezani bila kujificha. Mkiona hivyo msiniulize mara tatu kama kweli sitaki. Yule mtoto wa mdogo wangu, ambaye naye hubeba kikopo chake na sindano zake mbili, alishatupangia utaratibu: yeye na mimi huketi mwisho wa meza, upande wa ukutani, mbali na wanaopitishiana sahani. Mkituwekea viti viwili pale kabla hatujafika, mtakuwa mmemaliza karibu kazi yote.