Kiunzi cha mifupa ya samaki migebuka kinageuka uji, jibu langu
Mdogo wangu wa Kigoma nimekusoma, umechoma mifupa ya migebuka, unga ukachanganya na jelatini upate kiunzi cha kuoteshea mfupa, ila ukikitia maji ya uvuguvugu kinakuwa uji. Pole, hata mimi huku Tabora kilinitesa hicho hicho.

Shida sio mifupa, ni jelatini hujaifunga (hujaunganisha molekuli zake kwa kemikali), ikifika nyuzi 37 za mwili inayeyuka tu. Kuifunga, wengi wanakimbilia kemikali ya glutaraldehaidi maana bei rahisi, lakini ile sumu, mabaki yake yanaua seli, so weka kiduchu, osha na glaisini (asidi amino inayonasa mabaki hayo), osha tena. Ukiwa na hela chukua jenipini, kifungio kinachotoka kwenye tunda la gardenia, kipande kitatoka bluu usishtuke.

Unga nao ukiwa kijivu bado una kaboni, rudisha kwenye tanuru nyuzi 900 mpaka uwe mweupe kama chokaa (jiko la mkaa sahau, joto lake halitulii). Vitundu vya kiunzi visiwe chini ya maikromita 100, seli na mishipa ya damu zipate kupenya.

Na usije ukamwekea hata sungura kiunzi hicho bila kibali cha maadili na daktari wa mifugo pembeni, hapo sikutanii.