Ile muvi ya mama na mtoto kwenye gari

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia WhatsApp juzi nimeisikiliza mara tatu. Unasema umepaki trela Albuquerque huko Marekani unasubiri kushusha mzigo, ghafla ikakujia muvi niliyokuwa naiweka kila mara pale dukani Morogoro, mama na mtoto wake kwenye gari jangwani, unauliza inaitwaje na zile zingine za barabarani nilizokuwa nazipenda ni zipi ili uzitafute. Maneno ni mengi baba, ndo maana nakuandikia.

Unakumbuka duka lilikuwa la kukodisha kanda, watu wanataka za kupigana, za Kihindi na za Kichina basi. Sasa kuna mzungu mmoja alikuwa anamaliza mkataba anarudi kwao, akamuuzia tajiri katoni nzima ya kanda za kwao za zamani, nyingi za kuanzia 1969 mpaka 1975 hivi. Hakuna aliyezitaka. Mtu anakodi jioni, asubuhi anairudisha kanuna, dada hii muvi gani staringi anakufa? Na kweli walikuwa wanakufa. Easy Rider ya 1969, vijana wawili wanatoka Los Angeles na pikipiki kwenda New Orleans, unakaa nao safari nzima unawazoea, mwisho watu wasiowajua kabisa wanawapiga risasi barabarani, muvi imeisha. Vanishing Point ya 1971 jamaa anapeleka gari kutoka Denver kwenda San Francisco, Dodge jeupe, polisi nyuma yake, na mtangazaji mmoja wa redio, kipofu, anaongea naye hewani kama ndugu yake, nae mwisho analibamiza gari kwenye mabuldoza waliyomzibia njia. Wateja walikuwa wanaona wameibiwa hela yao.

Mi nilikuwa nazielewa vizuri tu. Nchi yao Marekani ilikuwa vitani Vietnam, vijana wanachukuliwa kwa lazima, hakuna wa kumdanganya kwamba ukikanyaga mafuta utafika. Na kampuni kubwa za sinema zilikuwa zinapata hasara, Easy Rider ilitengenezwa kwa chini ya nusu milioni ya dola ikarudisha mamilioni, basi wakaanza kuwapa hela vijana wakapige picha nje, kwenye barabara zenyewe na vituo vya mafuta vyenyewe, sio studio. Ndo maana ukiangalia unaona kabisa vumbi ni vumbi.

Alafu kuna kitu nilikuja kukisoma miaka hii nikasema lazima nikuambie wewe. Aliyepiga picha za Easy Rider ni mkimbizi, László Kovács, Mhungari, alitoroka kwao 1956 pamoja na rafiki yake Vilmos Zsigmond wakiwa vijana waliosomea sinema, wakatoka na mikanda waliyorekodi vifaru vya Warusi vikiingia Budapest, mji mkuu wao. Sasa barabara zile za Marekani ambazo dunia nzima tunazijua, kwa sehemu kubwa tumeonyeshwa na macho ya hao wawili, wageni, kama unavyoziangalia wewe sa hizi kwenye kioo cha trela lako. Kovács alipiga pia Five Easy Pieces na Paper Moon.

Huyo Zsigmond ndo alipiga Scarecrow ya 1973, na hii itafute, Gene Hackman na Al Pacino hawana hata gari, wanadandia lifti na treni za mizigo waende Pittsburgh wakafungue sehemu ya kuosha magari. Pacino amebeba boksi lina taa ndani, zawadi ya mtoto wake ambaye hajawahi kumwona, hajui hata ni wa kike au wa kiume ndo maana kachukua taa. Anafika Detroit, badala ya kugonga mlango anapiga simu kwanza, na yule mwanamke kwa hasira zake anamdanganya kwamba mtoto alikufa, wakati mtoto yupo palepale kasimama. Niliiona mara mbili tu, sikuweza tena.

Duel ya Spielberg usiitazame ukiwa safarini, tafadhali. Lori linamfukuza mtu kwenye gari dogo muvi nzima na dereva wake huonyeshwi sura. Nikiifikiria na wewe ndo kazi yako hiyo, silali.

Sasa ile yako. Inaitwa Alice Doesn't Live Here Anymore, ya 1974, kaiongoza Martin Scorsese lakini mwenye muvi hasa ni Ellen Burstyn anayecheza Alice, ndiye aliyemtafuta Scorsese akiwa bado kijana, na ikampa Oscar. Mume wa Alice anakufa ajali ya gari, anauza vitu, anampakia mtoto wake Tommy wanaondoka Socorro, hiyo Socorro iko kusini tu ya hapo ulipo, wanaenda Monterey alikokulia ili aimbe tena. Hela inaisha njiani. Phoenix anaimba baa, anakutana na mwanaume katili, wanakimbia, Tucson anaishia kuhudumia mezani mgahawani. Na humo ndani ya gari wanavyogombana! Tommy anasimulia kichekesho hakiishi, mama anakaribia kupasuka. Kuna mahali uzalendo unamshinda, anasimamisha gari, anamwambia shuka, anamwacha atembee kwa miguu, baadae anamtafuta kama kichaa.

Siku ya kwanza nilipofika kipande hicho niliizima kanda, nikakumbuka safari yetu. Wewe ulikuwa na miaka minane sisi tunatoka Mbeya, marehemu baba yako hajamaliza arobaini mbili tangu tumzike, nakupeleka Tanga kwa bibi yako. Umeuliza tumefika, tumefika, basi liliposimama Ruaha Mbuyuni nikakufokea mbele ya abiria wote, ukiuliza tena nakuacha hapahapa na wauza vitunguu. Ulinyamaza. Tulipita Mikumi tembo wako kando ya barabara kabisa, watu wote wamesimama kuchungulia, wewe umeinamisha kichwa hukuangalia hata mmoja. Sijawahi kukuomba msamaha kwa lile, naomba leo mwanangu.

Alice hafiki Monterey. Anabaki Tucson, na mwisho mwisho wanatembea yeye na Tommy barabarani, mbele yao kuna bango la jengo limeandikwa Monterey Village, angalia vizuri utaliona.

Sisi tulikuwa tulale Morogoro usiku mmoja tu kwa yule rafiki yangu wa shule. Asubuhi akaniambia kuna duka la kanda wanatafuta mtu. Nauli ya Tanga ilikuwa bado nimeifunga kwenye pindo la kanga, nikaifungua wiki ileile nikakununulia sare za shule.

Mama yako