Baba ana kansa ya mapafu, mbona magoti yanauma?

Swali: Daktari, baba ako na kansa ya mapafu, sasa magoti na vifundo vya miguu vinamuuma usiku hata hapati usingizi, ncha za vidole zimevimba, majirani wanasema ni uzee tu. Ni kweli?
Binti, Kondele, Kisumu

Jibu: Pole sana dada, hiyo ya uzee mimi sikubali. Mara chache kansa ya mapafu hufanya mifupa mirefu ya mikono na miguu ijiongezee tabaka jipya juu, inauma sana, na huko kuvimba kwa ncha za vidole ndio dalili yake kubwa. Lakini pia kansa yenyewe inaweza kuwa imeingia mifupani, kwa hivyo mrudishe kliniki wiki hii wampige eksrei, waonyeshe vidole pia, usiogope kuwasumbua. Kansa ikitibiwa maumivu hayo mara nyingi hupungua. Dawa za maumivu asijinunulie dukani, zingine zinaumiza figo.